Mjomba Ataimba Soko Lijalo

Ijumaa, tarehe kumi na nne Novemba, saa tisa na dakika arobaini alasiri, mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Nje walisimama watu wapatao mia mbili na themanini. Niliwahesabu kwa safu, kama ninavyofanya katika kila onyesho ninaloliandikia. Wengine walikuja na watoto. Wawili walibeba viti vya kukunja, kwa sababu viti vya ukumbi ule ni vya kanisa na misumari yake imechomoza.

Kwa msomaji anayekutana nami leo: jina langu ni Rimika Nongsiej. Kwa miaka kumi na mmoja nimeandika safu ya muziki katika gazeti moja la hapa Shillong. Nani anaimba, wapi, saa ngapi, na akishaimba, aliimbaje. Mjomba wangu Kordor, kaka wa marehemu mama yangu, ndiye sauti ambayo mji huu umeisikia kwa miaka arobaini. Wiki iliyopita nilieleza jinsi daktari alivyomkuta na saratani ya koo, akalaumu tambuu, akapanga kumtoa koromeo Jumatatu ya tarehe kumi na saba, saa moja asubuhi. Baada ya hapo ataishi, Mungu akipenda, lakini hataimba tena wala hatasema. Daktari alimruhusu onyesho moja la mwisho, la dakika arobaini, kwa sharti kwamba mpaka siku hiyo asitoe neno hata moja. Siku hiyo niliitangaza mimi katika safu yangu: Ijumaa, saa kumi, ukumbi wa kanisa.

Niligonga. Kong Sdor, mwanamke anayetunza ukumbi (Kong ni neno letu la heshima kwa mwanamke, Bah kwa mwanamume), alifungua dirisha dogo la pembeni, shavu limejaa tambuu.

“Kong Rimi, mbona umeniletea mji mzima?”

“Onyesho la Mjomba, Kong. Saa kumi.”

“La kesho hilo.”

“Leo ndiyo Ijumaa.”

“Ijumaa naijua, mwanangu, sijazeeka kiasi hicho. Mjomba wako aliomba ukumbi kwa siku ya soko. Soko ni kesho.”

Nilihesabu kwa vidole, mbele yake, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Soko letu la Iewduh lina siku yake kuu, na siku hiyo hurudi kila baada ya siku nane. Si saba. Wazee wetu walikuwa na juma la siku nane kabla ya kanisa na kabla ya kalenda za ukutani, na soko halikukubali kamwe kubadilika. Kila mtoto anayetumwa kununua samaki mkavu analijua hilo. Mjomba, ambaye alikuwa ameshakatazwa kusema, aliniandikia kwa chaki kwenye kibao chake: “Nitaimba soko lijalo.” Siku aliyoandika ilikuwa siku ya soko, na ilikuwa Ijumaa. Nikaandika Ijumaa ijayo.

Gazeti lilipotoka, mdogo wangu Badahun alikata kipande kile akakibandika jikoni kwake Mawlai, juu ya meko. Watu wote wa nyumba walipita mbele yake siku sita bila kuisoma tarehe. Wao walijua onyesho ni lini. Walichotaka kuona ni picha. Mimi sikai pale. Nyumba, anamoishi Mjomba pia, ni ya Badahun, kwa kuwa ndiye binti kitinda mimba na kwetu ndiye mrithi, na mimi nimepanga chumba karibu na gazeti.

“Waambie tu ni kesho,” Kong Sdor alisema. “Watanuna, watakutukana kidogo, watarudi. Si watu wa mbali hawa.”

Ushauri ulikuwa sahihi. Ningeufuata, kisa hiki kingeishia hapa.

Nilipogeuka, mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa Bah Wanbok, simu yake juu, inarekodi. Bah Wanbok ana kundi linalopiga kwenye harusi. Mwezi Septemba alianza onyesho lake dakika hamsini baada ya muda, nami nikaandika kwamba ana magitaa sita na hana saa hata moja. Mji ulicheka mwezi mzima. Watoto walikuwa wakimpigia kelele barabarani: Bah, saa ngapi?

“Kong Rimi!” aliita. “Leo umetualika tuje kusikiliza kufuli?”

Watu wakacheka.

“Hebu tuambie ni saa ngapi. Maana mimi, unajua, sina saa.”

Wakacheka zaidi. Hata mtoto aliyekuwa mabegani mwa baba yake alicheka, bila kujua anacheka nini.

Nikasema: “Mjomba ameugua ghafla. Amepelekwa hospitali. Akipata nafuu ataimba kesho, saa kumi, hapa hapa.”

Nayaandika maneno yale kama yalivyotoka. Sentensi ya kwanza ilikuwa uongo na ya pili pia. Zile zilizofuata nilidhani zingetengeneza kila kitu. Watu wangerudi kesho, Mjomba angeimba, na hakuna ambaye angejua kwamba nilishindwa kuhesabu mpaka nane.

Kicheko kilikatika. Bah Wanbok alishusha simu. Mama mmoja, simjui jina, alifungua mfuko wake akaniwekea machungwa matano mikononi.

“Mpelekee Bah. Mwambie tunamwombea.”

Nikayapokea.

Saa kumi na moja jioni nilimtumia ujumbe mhariri wangu, Bah Andris: onyesho la Bah Kordor ni kesho saa kumi, tafadhali liweke ukurasa wa kwanza. Alipiga simu mara moja.

“Nimeona video ya Wanbok. Ni kweli yuko hospitali?”

Hapo palikuwa na nafasi ya pili ya kusema kweli.

“Ni kweli,” nikasema.

“Hali yake?”

“Si nzuri.”

“Pole sana, Rimika. Pole mno. Hayo mengine niachie mimi. Wewe kaa na familia.”

Nilikaa na orodha ya wiki inayofuata. Jumanne, kundi la wasichana watano wa Mawlai, kwenye mkahawa ulio juu ya duka la viatu, saa tisa. Alhamisi, mashindano ya kwaya, duru ya pili. Jumamosi, Bah Wanbok, harusi, si ya umma. Nilihakiki kila tarehe mara tatu. Saa mbili usiku, kwa kuwa watu walikuwa hawaachi kupiga simu za pole, niliizima simu nikalala.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niliiwasha. Ililia ikiwa bado mkononi. Alikuwa Badahun.

“Dada, uani kuna wanaume kumi na wanne wanapasua kuni.”

“Kuni za nini?”

“Nikuulize wewe! Wameleta mabenchi, wameleta turubai, wameleta masufuria ya mtaa. Mzee wa mtaa ananiuliza jeneza walichonge urefu gani.”

“Jeneza la nani?”

“La Mjomba!”

“Mjomba yuko wapi?”

“Ametoka saa kumi na moja alfajiri na Lumlang na gitaa lake. Wamekwenda sokoni kuwapokea wapiga ngoma wa kijijini. Nimewaambia, Dada. Nimewaambia mara tano. Unajua wananijibuje? ‘Pole, mwanangu, kaa unywe chai.’ Mama wa jirani amenishika mkono haachii. Nikisema yuko hai, analia.”

“Wapeleke chumbani kwake.”

“Nimewapeleka. Kitanda kitupu! Wamekiona kitupu, ndiyo wamezidi.”

Nilisikia shoka likigonga gogo nyuma ya sauti yake, mara mbili.

“Wanasema wewe ndiye uliyesema,” Badahun alisema.

“Nilisema yuko hospitali.”

“Kwa nini ulisema yuko hospitali?”

Nilianza kutafuta viatu.

“Kanunue gazeti, Dada,” alisema, akakata.

Picha ya Mjomba ilijaza nusu ya ukurasa wa kwanza. Juu yake: Mji Wapoteza Sauti Yake. Chini yake makala ya maneno mia tisa, na chini ya makala jina langu.

Maneno yalikuwa yangu. Niliyaandika mwezi wa nane, wiki ile ugonjwa ulipojulikana. Kila gazeti huweka tanzia tayari za watu wake wakubwa, na sikutaka ya Mjomba iandikwe na mtu asiyejua tofauti kati ya wimbo wake na wimbo wa kuigiza. Nilimkabidhi Bah Andris aiweke. Ni makala bora kuliko zote nilizowahi kuandika.

“Uliniambia hali si nzuri,” Bah Andris alisema nilipompata. Sauti yake ilikuwa imechoka. “Saa tatu usiku watu kumi na saba walikuwa wamenipigia kusema amefariki. Mmoja wao mchungaji. Nikakupigia, simu imezimwa. Nikasema, mpwa wake ameshaiandika kwa mkono wake, mimi ni nani nibishe?”

“Yu hai, Bah Andris.”

“Una uhakika?”

“Nina uhakika.”

“Maana jana pia ulikuwa na uhakika.”

Nilimweleza yote. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemweleza.

“Nitaweka sahihisho mtandaoni sasa hivi,” alisema. “La karatasi litatoka Jumatatu. Jumapili hatuchapi, unajua.”

Jumatatu, saa moja asubuhi, Mjomba angekuwa juu ya meza ya upasuaji. Jumapili haikuwepo kabisa. Ukumbi ni wa kanisa, mji wote uko ibadani, na Mjomba mwenyewe hajawahi kuimba nyimbo za dunia siku ya Bwana, hata alipokuwa kijana wa kunywa.

Sahihisho lilitoka saa mbili na dakika kumi. “Bah Kordor yu hai na ataimba leo saa kumi.” Jibu la kwanza chini yake lilisema: waacheni wafiwa wapumzike. La pili: huyu mwandishi si ndiye aliyeandika tanzia? La tatu lilikuwa la Bah Wanbok. “Msimseme vibaya Kong Rimi. Uchungu una mengi. Jana nilimkosea na ninajuta.” Watu mia nne waliliunga mkono jibu hilo. Bah Wanbok hakuwahi kuwa mwema kwangu kabla ya siku ile, na wema wake ulifunga mjadala.

Lumlang hakupokea simu, nikaenda Iewduh kumtafuta Mjomba.

Siku ya soko, Iewduh haina ramani. Nilianza kwa wauza nyama, nikapanda kwa wauza mikeka, nikashuka ngazi zile zenye utelezi hadi kwa wauza samaki. Pale kila mtu alikuwa amemwona. Hakuna aliyekuwa amesikia kwamba amekufa. Watu wa sokoni walikuwa na kazi.

“Bah Kordor?” alisema mama mmoja anayeuza majani ya tambuu. “Amenunua kwangu asubuhi, ya wapiga ngoma wake.”

“Kong, umemwona kweli?”

“Nimemwona, nimempunja majani matatu, akanikodolea macho, nikamrudishia. Mfu gani atahesabu majani? Nenda, mwanangu, unanizibia wateja. Saa kumi nitakuja kumsikiliza.”

Nilimkosa kwenye kila kibanda kwa dakika kumi au ishirini. Saa nane na dakika tano nilimkuta ukumbini. Alikuwa amekaa ukingoni mwa jukwaa, koo amelizungushia skafu mbili, kibao mapajani. Lumlang, mpigaji gitaa wake kwa miaka kumi na minane, alikuwa akikaza nyuzi. Wapiga ngoma wawili walikuwa wamelala kwenye viti, kofia usoni.

Nilimpa Mjomba gazeti. Nilimweleza, nikianzia vidole na kuishia tanzia. Alisoma maneno yote mia tisa bila haraka. Kisha akachukua chaki.

“Nimezaliwa 1954, si 1953.”

Akafuta kwa kiganja. Akaandika tena.

“Uliwadanganya kwa nini?”

“Niliona aibu, Mjomba.”

“Aibu ya siku moja,” aliandika. Alikifuta kibao mpaka kikawa cheusi kabisa.

“Twende nyumbani akajionyeshe,” Lumlang alisema. “Wamwone, wamguse, waje naye.”

“Mawlai, siku ya soko, saa hizi?” nikasema. “Kwenda na kurudi si chini ya saa mbili.”

“Basi tumpige picha.”

Lumlang alimrekodi kwa simu, ameshika gazeti la siku ile kifuani, anapepesa macho. Ilipanda mtandaoni saa nane na dakika ishirini na tano. Majibu yalianza kabla Lumlang hajairudisha simu mfukoni.

“Mbona hasemi?” mmoja aliandika.

“Picha za kutengeneza hizi, siku hizi hata mfu anacheza dansi.”

“Aibu kwenu. Kama yu hai aseme neno moja.”

Lumlang alimsomea Mjomba. “Neno moja tu, Bah. Sema ‘mimi hapa’. Litakuumiza nini?”

Mjomba aliandika polepole, herufi kubwa, ili sote wawili tusome.

“Sauti iliyobaki ni ya kuimbia. Si ya kuthibitishia watu kwamba napumua.”

Nilimpigia Badahun.

“Uani wamefika mia tatu,” alisema. “Wamepika. Wanaimba. Mzee wa mtaa amenipokonya kipaza sauti, anasema nimepagawa, niombewe. Dada, sikiliza.”

Aliuweka mkono wake na simu nje ya dirisha. Niliweka simu yangu karibu na sikio la Mjomba. Watu mia tatu walikuwa wanaimba wimbo wake wa daraja la mizizi, daraja lifumwalo kwa mizizi ya miti hai, ule alioutunga mwaka niliozaliwa, kwa sauti nne, kama tunavyofundishwa kanisani. Waliuimba vizuri. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama. Kisha akavuta kibao.

“Wanakosea ubeti wa pili.”

Hilo lilikuwa saa kumi kasoro robo. Kong Sdor alifungua milango yote miwili, akaifunga kabari isipigwe na upepo.

“Saa kumi na moja kamili nawataka nje,” alisema. “Kwaya ina mazoezi. Sijali nani amekufa na nani amefufuka.”

Saa kumi kamili watu ukumbini walikuwa kumi na mmoja. Mama wa tambuu alikuwepo, kikapu miguuni. Wapagazi watatu wa sokoni, kamba zao bado zimening’inia vipajini. Mzee na mke wake waliotoka kijijini kwa miguu. Wanawake wawili wa samaki. Kong Sdor, mwanawe, na mimi. Ukinitoa mimi, wote waliijua siku kwa kuhesabu masoko. Hakuna hata mmoja aliyesoma safu yangu.

Mjomba alivua skafu zote mbili. Hakusubiri. Katika miaka arobaini hajawahi kuchelewa kuanza hata dakika moja, na mimi nimeandika hivyo mara nyingi.

Aliimba.

Sitaieleza sauti yake. Ilikuwa imeshuka kidogo kuliko mwaka jana, na palipokuwa na noti ya juu aliikaribia kutoka pembeni. Lakini ilikuwepo. Mzee wa kijijini alivua kofia.

Saa kumi na dakika kumi na mbili simu ilitetemeka. Nilitoka hadi mlangoni.

“Wanakuja!” Badahun alikuwa anapiga kelele. “Wameamini, Dada, wameamini!”

“Nani amewaambia?”

“Mpagazi! Waliagiza gunia la mchele sokoni. Kijana amelileta mgongoni, akakuta picha ya Mjomba ina maua, akauliza, huyu mzee wa kibao amefanya nini? Anasema alipishana naye saa sita akibeba ngoma, Mjomba akamkanyaga. Mzee wa mtaa akamwuliza mara mbili. Amekanyagwa mguu gani? Akaonyesha kidole. Kimevimba! Mimi nimesema tangu alfajiri sikuaminiwa, kidole cha mtu kimeaminiwa!”

“Wangapi wanakuja?”

“Wote. Wamepanda malori mawili ya mchanga. Masufuria wameyapakia pia.”

“Waambie wafanye haraka.”

“Niwaambie wao au niiambie barabara?”

Nilirudi ndani. Mjomba alikuwa amemaliza wimbo wa tatu na Lumlang alikuwa akipiga peke yake. Nilipanda ngazi ya pembeni, nikamwinamia Lumlang.

“Mwambie asubiri. Watu mia tatu wako njiani.”

Lumlang hakuacha kupiga. “Koo likipoa, Kong, leo haliamki tena. Daktari alisema dakika arobaini, mfululizo. Akikaa kimya dakika tano, ndiyo kwisha.”

“Basi refusha hapo unapopiga.”

“Nimeshairefusha.”

Nilichukua kibao cha Mjomba nikaandika: “Wanakuja. Wote.” Nilikiinua nikiwa safu ya kwanza. Alikisoma. Macho yake yalikwenda mlangoni, yakarudi. Alimwonyesha Lumlang kidole kimoja kikizunguka, na Lumlang akairudia sehemu yake tena, na wapiga ngoma wakaongeza yao. Mjomba alikuwa akiguna chini chini muda wote, mdomo umefungwa, kama mtu anayepuliza jivu ili kaa lisizimike. Tulipata dakika nne kwa njia hiyo. Kisha aliweka mkono kooni, akatikisa kichwa, akaingia wimbo wa nne.

Saa kumi na dakika thelathini na moja, malori yalikuwa darajani. Badahun alisema mbele yao kulikuwa na lori la viazi limekwama na dereva wake ameshuka kwenda kunywa chai.

Saa kumi na dakika thelathini na tisa, walikuwa bado darajani. Baadhi ya watu walikuwa wameshuka na wanapanda mlima kwa miguu.

Saa kumi na dakika arobaini na nne, Mjomba alianza wimbo wa daraja la mizizi. Ulikuwa wa mwisho katika orodha. Aliuimba wote. Ubeti wa pili aliuimba taratibu, neno kwa neno, akimwangalia mama wa tambuu kama vile alikuwa anamfundisha yeye. Kwenye mstari wa mwisho sauti ilipasuka, akaumalizia kwa pumzi.

Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini na moja, dakika kumi na moja zaidi ya alizoruhusu daktari. Watu kumi na mmoja tulipiga makofi. Mjomba aliinama, akakaa kwenye kiti cha mpiga ngoma. Lumlang alimpa maji ya uvuguvugu. Yalimchukua muda mrefu kushuka.

“Mjomba,” nikasema. Nikamrudishia kibao chake.

Saa kumi na dakika hamsini na sita waliingia.

Waliingia kwa milango yote miwili, wanahema, katika nguo zao za msibani. Wanawake walikuwa na maua waliyokuwa wameyaweka mbele ya picha yake. Wanaume wawili walibeba sufuria la chai, mmoja kila mpini. Badahun alikuwa na kiatu kimoja. Bah Wanbok alikuwa miongoni mwao, amevaa tai nyeusi. Walimwona Mjomba na hakuna aliyepiga kelele. Walijaza viti, kisha kuta, kisha ngazi za nje, na wale waliokuwa nje walitulia pia.

“Dakika nne,” Kong Sdor alisema nyuma yangu. Kisha akasema, “Ah, kwaya na ingoje.”

Mjomba alisimama. Lumlang alimtazama, akashika gitaa. Alipiga mwanzo wa wimbo wa daraja la mizizi, na ngoma zikamfuata.

Mjomba alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Nilikuwa safu ya kwanza, hatua nne kutoka kwake. Nilisikia gitaa, na ngoma mbili, basi.